Ekzosi zanguruma mijini ilhali nguvu za injini ni zile zile

YEYOTE anayeishi karibu na Barabara Kuu ya Thika jijini Nairobi hahitaji kalenda kumjulisha kwamba Jumamosi imewadia. Usiku ukiingia, ngurumo huanza kusikika kutoka upande wa Muthaiga, hupanda, hupasuka kwa milio mithili ya risasi, kisha hufifia zikielekea Kasarani na Githurai.

Si ndege wala si bunduki. Ni magari madogo ya kubeba watu watano, mengi yakiwa yameshatumika miaka kumi au zaidi, ambayo wenyewe wameyapeleka kwa fundi akakata bomba la kutolea moshi, yaani ekzosi, akaondoa sailensa iliyofungwa kiwandani na kuweka mkebe mpana wenye mdomo wa kung'aa.

Ukiwauliza wenye magari hayo sababu, utapewa majibu mawili: sauti na nguvu. Sauti wanaipata, hilo halina ubishi. Nguvu ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kuhalalisha gharama anayoibeba mwenye gari na kero anayobebeshwa jirani ambaye hata gari hana.

Injini hupata nguvu kwa kuchoma hewa iliyochanganyika na mafuta ndani ya silinda. Mlipuko ukishaisukuma pistoni, moshi uliobaki sharti utoke ili nafasi ipatikane ya hewa mpya. Valvu inapofunguka, moshi huo hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa vishindo 100 kila sekunde, na vishindo hivyo ndivyo sikio linavyovisikia kama mngurumo.

Kazi ya sailensa ni kuvipoza. Ndani yake mna vyumba na mirija yenye matundu inayoyarudisha mawimbi ya sauti yakagongana na kuuana, na nyingine huwa na sufi ya kuyameza. Maarifa haya ni ya kale. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya chombo cha kunyamazisha bunduki mwaka 1909, alitumia mbinu iyo hiyo kuunda sailensa za magari. Babake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo Wanandi waliijua vyema katika vita vyao dhidi ya Waingereza. Baba aliuleta mlio, mwana akatafuta namna ya kuuzima.

Hoja ya mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan, ni kwamba sailensa huikaba injini pumzi. Hoja hii si ya uongo mtupu. Moshi unapopata kizuizi njiani, pistoni hulazimika kutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma nje. Ukipunguza kizuizi, umeikomboa nguvu hiyo.

Swali ni kiasi gani. Mtengenezaji wa gari la familia lenye injini ya lita 1.5 hakulifunga bomba jembamba kwa uchoyo. Alipima kiasi cha moshi unaotoka na kuchagua upana unaotosha. Kwa gari la namna hiyo, kubadilisha sailensa ya nyuma peke yake huongeza nguvu kidogo mno, kiasi ambacho dereva hawezi kukitambua kwa mguu wake akiwa barabarani, ingawa atakitambua kwa masikio.

Zaidi ya hayo, bomba likipanuliwa kupita kiasi, moshi hupoteza kasi. Katika ekzosi iliyopangwa vizuri, kishindo kimoja kinapotoka huacha nyuma yake upungufu wa shinikizo unaovuta mabaki ya silinda inayofuata, mfano wa maji yanayofuatana katika mfereji mwembamba. Mfereji ukiwa mpana kama mto, mvuto huo hudhoofika. Matokeo yake ni kwamba gari hupungukiwa msukumo katika mizunguko ya chini ya injini, na huko ndiko dereva wa Nairobi anakoishi: kutoka mzunguko mmoja wa barabara hadi mwingine, kupanda matuta, kusubiri na kung'oka tena.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana karakanani. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kanuni ya wahandisi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Gari lenye nguvu-farasi 110 bandarini Kilindini huwa limebaki na tisini na kitu likifika Nairobi. Hakuna sailensa itakayozirudisha. Kijana anayetumia akiba yake kununua mkebe wa kung'aa ili apate nguvu-farasi mbili au tatu anapigania makombo, ilhali mwinuko wa jiji ulishachukua mlo mzima.

Kwa magari yenye tabo mambo ni tofauti, na haki itendeke kwa kulisema. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa ya nyanda za juu. Kadiri njia iliyo nyuma ya tabo inavyokuwa wazi, ndivyo feni hiyo inavyozunguka kwa wepesi. Hapa bomba pana huleta faida ya kweli. Hata hivyo, faida hiyo huja kamili endapo kompyuta ya gari itarekebishwa ili ipime upya mafuta na shinikizo. Fundi anayekata bomba na kuliacha gari liende hivyo hivyo anaweza kusababisha shinikizo la tabo kupita kipimo, na bei ya injini iliyotoboka pistoni haihitaji kuelezwa kwa mmiliki yeyote.

Ndiyo maana magari ya Subaru hutajwa kila mjadala huu unapozuka. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hilo yana historia. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru alikuwa ameshalifanya jina la Subaru kuwa la nyumbani. Mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha, kizazi kipya kilipata mahali pa kukutania na kusikilizana magari.

Mvumo wa Subaru za zamani, ule wa kudundadunda kama ngoma iliyolegea, una siri ambayo wengi wanaougharimia hawaijui. Silinda za injini hiyo zimelala chali, mbili kila upande, na huwaka kwa vipindi vilivyo sawa. Lakini katika modeli kama Impreza WRX ya awali, mabomba yaliyotoka kwenye silinda hizo kuelekea kwenye tabo hayakuwa na urefu sawa. Mengine yalilazimika kuzunguka chini ya injini kabla ya kukutana na wenzao. Vishindo vilivyoanza safari kwa mpangilio vilifika vimepishana, viwili vikifuatana karibu karibu, vingine vikichelewa. Huo ndio mdundo.

Kwa hivyo, sauti inayosifiwa kuwa ya nguvu ni sauti ya kasoro. Vishindo vinavyofika kwa kusongana huzuiana, na mvuto uliotajwa hapo juu hupotea. Kampuni hiyo ilipoyasawazisha mabomba, kwa mfano katika Legacy ya mwaka 2003, injini ilipata msukumo bora katika mizunguko ya chini. Mdundo ukatoweka. Wapo wamiliki wanaowalipa mafundi wayaondoe mabomba yaliyosawazishwa na kurudisha yasiyolingana. Wanatoa pesa ili gari lipungukiwe kidogo na uwezo wake, mradi lisikike kama lile lililoshinda Safari.

Si wao tu wanaodanganywa na masikio. BMW ilipotoa gari lake la M5 mwaka 2011, ililiwekea mtambo wa kucheza sauti ya injini kupitia spika za ndani, kwa kuwa injini yenye tabo na kuta nene za gari zilikuwa zimeuzima mno mngurumo. Wahandisi wa Ujerumani walijua kile ambacho fundi wa Grogan anakijua: mnunuzi huhisi kasi anayoisikia.

Tukio la milio mithili ya risasi nalo halina uhusiano na nguvu. Milio hiyo hutokea mafuta yasiyoungua yanapoingia kwenye ekzosi yenye joto na kulipukia humo. Katika magari ya mashindano, mbinu hiyo hutumiwa ili tabo isipunguze kasi dereva anapoinua mguu. Barabarani, mafundi huipanga kompyuta ya gari makusudi ili imwage mafuta hayo. Ni petroli iliyonunuliwa kituoni, ikaunguzwa nje ya injini, ili watu wageuke. Katika mtaa ambao umewahi kusikia risasi za kweli, hakuna anayegeuka kwa kushangilia.

Matatu zina kisa chao. Zile kubwa za kisasa, almaarufu nganya, huendeshwa kwa injini za dizeli zenye tabo, na nyingi zimeondolewa sailensa au kuachwa na bomba wazi tupu. Wenyewe wanaweza kudai kwamba gari hupanda mlima vizuri zaidi likiwa limejaa, na pengine hawajakosea. Lakini tangu Februari 2004, wakati kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, gari la abiria lapaswa kuwa na kidhibiti mwendo kinacholizuia kuvuka kilomita 80 kwa saa. Nguvu ya ziada ni ya kwenda wapi?

Jibu linapatikana kituoni. Katika njia zenye ushindani kama za Rongai, Umoja na Kayole, abiria kijana huichagua matatu kwa muziki, michoro na mngurumo. Ekzosi ni tangazo la biashara. Makanga hana haja ya kupiga mbinja iwapo gari lenyewe limeshasikika kutoka kona ya tatu. Anayelipia tangazo hilo si mwenye gari peke yake, bali ni kila mtu aliye na dirisha linaloelekea barabarani, awe mgonjwa, mzazi mwenye mtoto mchanga au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Ukubwa wa malipo hayo haueleweki kirahisi kwa sababu desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 si nyongeza ndogo juu ya themanini; ni nishati ya sauti iliyozidishwa mara kumi, na sikio huisikia kama iliyoongezeka maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 usiku, likizihusisha kelele zinazovuka hapo na kuvurugika kwa usingizi. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, zilizotangazwa mwaka 2009, ni kali hata zaidi kwenye karatasi: desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi.

Kuna hasara nyingine isiyosikika. Magari mengi ya petroli yanayoagizwa kutoka Japan hufika yakiwa na katalisti, kifaa chenye matundu kama sega la nyuki kilichopakwa madini ya platini, paladi na rodi, ambacho hugeuza gesi za sumu kuwa gesi zenye madhara madogo zaidi. Wakati Kenya ingali ikiuza petroli yenye risasi, hadi mwisho wa mwaka 2005, kifaa hicho hakikuwa na maisha marefu, kwa kuwa madini hayo ya risasi hukiua. Kukikata na kukitupa kulikuwa na mantiki yake.

Mantiki hiyo ilikufa miaka ishirini iliyopita, lakini mazoea yamebaki. Tena yamepata faida mpya. Bei ya rodi ilivuka dola 20,000 kwa aunsi mwaka 2021, na ingawa ilishuka baadaye, katalisti kuukuu ingali na wanunuzi wake. Mwenye gari anayeagiza ekzosi ya "kupumua" huenda akaambiwa kwamba sega hilo limeziba na kwamba fundi atamsaidia kulitupa. Hulipa gharama ya kazi, kisha huacha mezani kitu ambacho huenda thamani yake inazidi malipo yenyewe. Akitoka hapo, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi kwa sababu vihisi vya oksijeni havipati vipimo vilivyovizoea. Na pale bomba lilipochomelewa vibaya chini ya sakafu, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inaweza kupenya hadi walipoketi watoto.

Sheria haijalala katika jambo hili. Kanuni za trafiki huhitaji gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Zile kanuni za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), zinakataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na zinataja kipimo cha desibeli 84 gari linapoongeza kasi. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA) nayo husimamia ukaguzi wa magari, na polisi wa trafiki ndio walio barabarani.

Mzigo wenye wachukuzi wengi namna hii huishia kutochukuliwa. Mkazi anayelalamika kwa kaunti anaweza kuelekezwa NEMA. Wa NEMA hakai kwenye mzunguko wa barabara saa saba za usiku. Na aliye pale ni afisa wa trafiki ambaye hutegemea sikio lake.

Hapo ndipo palipo na kiini cha tatizo. Sheria imeandikwa kwa desibeli, lakini hutekelezwa kwa sikio. Dereva aliyesimamishwa hana namna ya kuthibitisha kwamba gari lake halijavuka 84, na afisa hana namna ya kuthibitisha kwamba limevuka. Mzozo usio na kipimo humalizwa kwa mapatano, na Wakenya wanajua mapatano ya kando ya barabara huchukua sura gani. Mwenye ekzosi ya haki huweza kusumbuliwa. Mwenye bomba wazi huweza kupita kila siku kwa ada isiyo na risiti. Misako ya ghafla ya siku tatu au nne, inayotangazwa kwa vishindo kisha ikanyamaza, haibadilishi hesabu hiyo. Huongeza ada tu.

Miji mingine imeanza kulihamisha sikio hilo kutoka kwa binadamu hadi kwa mtambo. Paris ilianza kufanyia majaribio rada za kelele mwaka 2022, zenye vipaza sauti vinavyotambua gari lililopiga kelele na kamera inayonasa nambari yake. Mitambo hiyo ni ghali, na itakuwa mzaha kuipendekeza kwa kaunti ambazo taa zake za barabarani hazijawaka.

Lakini mfano ulio karibu zaidi ni ule wa nchi ambako magari yenyewe hutoka. Japan hulikagua gari la kibinafsi kila baada ya miaka miwili, baada ya miaka mitatu ya kwanza. Kipimo cha ekzosi hakihitaji maabara: gari husimama, mkaguzi huweka kinasa sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa pembe ya digrii 45, injini huongezwa mizunguko hadi kiwango kilichowekwa, nambari husomwa. Kwa magari mengi ya abiria yaliyoundwa kabla ya kanuni kubadilishwa mwaka 2016, mpaka ni desibeli 96. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Nchini Kenya, matatu hukaguliwa kila mwaka, na rasimu ya kanuni iliyotolewa na NTSA kwa maoni ya umma mwaka 2025 ilipendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa nayo yakaguliwe. Wengi walioipinga walisema ni ushuru uliovishwa joho la usalama, na shaka yao ina msingi iwapo ukaguzi utakuwa wa kutazama tairi, kupokea ada na kupiga muhuri. Kinasa sauti kimoja katika kila kituo kingewapa wakaguzi kitu cha kusoma badala ya kitu cha kujadiliana, na karatasi yenye nambari ingemwezesha dereva naye kumjibu afisa barabarani.

Mafundi tayari wana dawa ya ukaguzi wa aina hiyo, na hawakuibuni wao. Badala ya kuchomelea mkebe mpya, huufunga kwa boliti, ili sailensa ya awali irudishwe asubuhi ya ukaguzi na kuondolewa jioni. Ndiyo sababu nje ya karakana nyingi za ekzosi utaona rundo la sailensa zilizotoka Japan zikiwa nzima, baadhi zikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu na baadhi zikiwa zimeandikwa kwa chaki nambari ya gari, zikimsubiri mwenyewe azirudie mara moja kwa mwaka.